Kigoda cha Mguu Mfupi

Kitete, Tabora
17 Juni 2025

Baba yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo baba, na mama naye umfikishie shikamoo yake kabla hajaanza kuuliza barua inasema nini. Natumaini mnaamka salama, goti lako la kushoto limetulia ingawa baridi ya Juni imeshaingia, na mama hajarudia ile tabia ya kubeba ndoo mbili kwa mkupuo. Mimi sijambo. Nakula, nasali, na kwaya naimba sauti ya pili kwa sababu ya kwanza imejaa wenye majivuno. Mawazo yangu yote yako huko Usoke.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu ipo. Simu wewe huishika mbali na sikio, na ukisikia jambo zito unasema mtandao unasumbua. Barua haikatiki. Nimeiandika kwa herufi kubwa ili usihitaji miwani ya mama, na nimempa Shaban, fundi cherehani jirani yenu, aliyekuja hospitali kumwona dada yake. Naomba uisome mwenyewe mpaka mwisho, ndipo umsomee mama.

Kazi yangu ya steshenari unaijua. Natoa kopi za vyeti, nachapa barua za watu, napiga picha za pasipoti. Lakini tangu mwaka jana nina kazi ya pili ambayo sikuwahi kukueleza vizuri. Nilimwambia mama kwamba nasoma maoni ya watu kwenye simu na kulipwa, naye akasema basi umbea siku hizi umekuwa ajira. Nikacheka, nikayaacha hapo. Leo nakueleza, kwa sababu kazi hiyo imenileta mahali ambapo sikutegemea kufika.

Mwaka jana mwezi wa tano aliingia dukani dada mmoja anaitwa Doto, akataka kuchapa picha. Yeye na wenzake wanne wa Dar es Salaam wanatengeneza gemu, yaani mchezo wa kwenye simu, unaitwa Mzigo. Ukiufungua, wewe ni mpagazi wa zamani uliyeugua njiani, msafara umekuacha porini kati ya Tabora na pwani, mkononi huna kitu. Kazi yako ni kuishi. Unaokota kuni, unachuna gome la mti unasokota kamba, unafinyanga chungu, unajenga kibanda, mpaka upate nguvu ya kuendelea na safari. Ukizembea unakufa na kuanza upya. Picha alizotaka kuchapa zilikuwa za wapagazi hao, na wote walikuwa wamejitwika mizigo kichwani.

Baba, unanijua, sikuweza kunyamaza. Nilimwambia hao anaowaita Wanyamwezi si Wanyamwezi, sisi tulibeba begani. Nikamsimulia habari za babu yako Lukumani, aliyekwenda Bagamoyo kwa miguu mara mbili na kurudi na sugu begani, ambayo watoto mliruhusiwa kuigusa siku ya sikukuu tu. Doto hakukasirika. Aliketi kwenye benchi la wateja akaandika yote. Kisha akanieleza kwamba wachezaji wanatuma mapendekezo kila siku, kwa maandishi na kwa sauti, wanataka hiki kiongezwe na kile kirekebishwe, na wao kule Dar hawajui lipi ni la mtu anayejua na lipi ni la mtu anayejifurahisha. Akaniomba niwe nayasoma na kuwachagulia.

Mwanzoni ilikuwa kichekesho. Kijana mmoja aliomba pikipiki. Nilimjibu kwa adabu kwamba zama hizo hata barabara haikuwepo, akasema kama ni hivyo basi simba wapunguzwe, wanamsumbua akiwa kazini. Mwingine alitaka mvua isinyeshe kabla hajamaliza kuezeka, nikamwambia ombi hilo alipeleke juu zaidi. Mchezaji mwingine, Masolwa wa Nzega, alidai kwamba mpagazi wa Kinyamwezi akipita kijiji cha Wazaramo aruhusiwe kuchukua kuku bila malipo, kwa kuwa ni watani. Kina Doto walidhani anatetea wizi. Niliwaandikia kurasa mbili kuhusu utani na njia ile, na sasa kwenye Mzigo ukimchukua kuku wa mtani wako anakutukana, nawe unamtukana, mnacheka, unaondoka na kuku. Ila na yeye akipita kwako usishangae kukuta chungu kitupu.

Aliyenifanya niache kucheka ni mwanamke wa Ziba, kule Igunga, anayeitwa Minza. Yeye haandiki, anatuma sauti, Kiswahili chake kimechanganyika na Kisukuma, na nyuma yake unasikia kuku na mtoto. Siku ya kwanza alikuja na hasira. Alisema mchezo ni mzuri lakini waliouunda wana njaa ya kujitakia, viazi vyao vinaoza siku ya pili, nani kawaambia viazi vinaoza? Akaeleza bila kupumzika jinsi ya kumenya na kukata michembe na kuianika juu ya mwamba, na matobolwa ambayo huchemshwa kwanza ndipo yaanikwe, na jinsi vyote viwili vinavyokaa mwaka mzima ndani ya kilindo cha gome. Akaeleza na maji ya kiangazi, kwamba hutafuti mto, unatafuta mchanga wa mto, unachimba mpaka mkono uzame, kisha unasubiri bila pupa. Katikati aliacha yote akamkanya mtoto atoke kwenye mkaa, akamwita Agnetha. Nilicheka peke yangu, nikasema kumbe hata Ziba kuna mwenye jina la mama, na mkaidi vilevile.

Nikaandika maelezo yake yote, nikatuma. Wiki tatu baadaye Doto alinipigia simu akaniambia nifungue mchezo. Ilikuwa saa nne asubuhi, dukani hakuna mteja. Nilimpeleka mpagazi wangu kwenye mwamba, nikakata viazi, nikavianika. Jua likapita juu yake, kivuli kikazunguka, vipande vikaanza kujikunja pembeni, vikabadilika rangi, vikawa michembe kabisa, baba, mpaka ule unga mweupe wa juu. Nikashuka kwenye korongo nikachimba mchanga. Maji yakaja polepole, machafu kwanza, halafu safi, na mpagazi akainama akanywa. Nilishika mdomo. Maneno ya mwanamke ambaye hajawahi kufika hata Dar yalikuwa yamegeuka ardhi na maji. Doto akaniambia muda uleule kuna watu Brazili na Indonesia, maelfu, wanaanika michembe na hawajui hata inavyotamkwa. Nilitoka nje nikasimama juani. Nilikuwa na ile hofu ninayokuwa nayo kanisani kengele inapolia na watu wote wakapiga magoti.

Tangu siku hiyo sijalidharau pendekezo la mtu. Wakati mwingine nikitoka kazini natembea mpaka upande wa Kwihara, kule njia ya zamani ilikopita, nasimama tu. Nilisoma shuleni kwamba misafara ilipita pale, nikajibu mtihani, nikasahau. Sasa naona miguu. Naona watu wa kwetu wamebeba ratili sitini begani, miezi mitatu kwenda na miezi mitatu kurudi, na kila kilichowaokoa njiani kilikuwa ni kitu ambacho mtu fulani alimwambia mwenzake. Nashangaa hatukuwahi kuwahesabu kuwa watu wa ajabu.

Sasa nifike kwenye shina la barua. Mwezi wa tatu mwaka huu kina Doto waliweka kwenye mchezo tanuru la kuyeyushia chuma. Tanuru hilo lazima liangaliwe siku tatu mfululizo, na wachezaji wakalalamika kwamba mpagazi wao anasinzia, moto unazidi au unazima, kazi yote inaharibika. Doto akauliza watu, mtunza moto asaidiwe vipi kukaa macho? Mapendekezo yalimiminika. Wengine walitaka kahawa, wengine pilipili, mmoja alitaka mke wa kumpigia kelele. Nilikuwa nayapitia nikiwa nimesimama kwenye mashine ya kopi, mteja akisubiri vyeti vyake, nikakuta moja la mtu anayejiita Zamuyangu. Naliandika hapa kama lilivyokuwa:

“Mtunza moto apewe kigoda cha miguu mitatu. Mguu mmoja ukatwe, upungue vidole viwili. Akisinzia kinamwangusha. Asiposinzia hakimsumbui.”

Vidole viwili, baba. Mimi nimezunguka, nimeona mabani ya kukaushia tumbaku kwa moto Urambo nzima na Sikonge, na sijaona mzee mwingine aliyekata mguu wa kigoda ili mlinzi wa moto asilale. Watu walikucheka kwa ajili ya kigoda kile. Padri alipokuja kubariki mashamba alikikalia kwa bahati mbaya ukaomba radhi mpaka jioni. Kigoda hicho kiko kimoja duniani, na waliowahi kukaa zamu juu yake ni watu watatu, wewe, mimi, na mwanao wa kwanza.

Sijalitaja jina lake mbele yako tangu mwaka 2019, kwa kuwa ulikataza. Leo nalitaja. Kaka Leodgar ni mzima.

Nilimwandikia palepale, kupitia mchezo. Sikuandika jina langu wala lake. Niliandika tu kwamba kile kigoda mama hukikalia siku hizi anapochambua mboga, na bado kinamwangusha. Siku tatu kimya, na mimi siku hizo tatu nilitoa kopi za watu zikiwa zimepinda. Siku ya nne akajibu, akauliza kama goti la baba limepona. Hilo ndilo swali lake la kwanza, miaka sita, goti lako.

Yuko Ziba, baba. Anachoma matofali. Yeye ndiye anayelinda moto wa tanuru, na wenye kujenga wanamfuata kutoka mbali kwa sababu tofali lake haliivi nusu. Ana mke, na mkewe ndiye yule Minza ninayemsikiliza mwaka mzima. Ndiye aliyemfundisha kucheza Mzigo, wanagombania simu moja. Na yule mtoto anayefukuzwa kwenye mkaa ni binti yao, atatimiza miaka mitatu mwezi wa tisa, na jina alilopewa ni la mama. Nimekuwa nikisikia sauti ya mjukuu wenu kwa miezi yote hiyo, nikicheka, nikifuta rekodi ili simu isijae. Mungu ana njia zake, wewe hupenda kusema hivyo, na mimi nilikuwa naitikia kwa mazoea tu.

Ningeweza kuishia hapa, nikakusalimu, na ungefurahi au ungekasirika kwa kadiri yako. Lakini pendekezo la Leodgar lilikuwa na sehemu ya pili. Naiandika nayo:

“Pia iruhusiwe kuweka gunzi chini ya mguu mfupi. Anayeweka atapumzika vizuri, ila moto unaweza kumponyoka akaunguza vyote. Ikitokea hivyo, mchezo usionyeshe nani aliweka gunzi.”

Baba, gunzi niliweka mimi.

Siku ile ya mwezi wa tatu 2019, Alhamisi, wewe ulikuwa umekwenda kwenye mkutano wa chama cha msingi na mama alikuwa jumuiya. Zamu ilikuwa ya Leodgar tangu alfajiri. Nilimpelekea chakula saa saba, nikamwona macho yamekuwa mekundu kwa moshi, nikamwambia aende kisimani akaoge, nitamshikia zamu. Ni mimi niliyemwambia, hakuniomba. Alipoondoka nikakaa. Kigoda kikanisumbua mgongo, nikaokota gunzi kwenye kuni nikaliweka chini ya mguu, kikatulia vizuri. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, si mtoto. Nilijua kigoda kilikatwa kwa nini. Nikaegemea ukuta wa bani, na ukuta ulikuwa wa joto, nikalala.

Nilipoamka moto wa chini ulikuwa umezidi na juu tayari ulikuwa unanguruma. Unajua wewe mwenyewe, jani moja kavu likiangukia bomba la moto, hakuna wa kuzuia. Leodgar ndiye aliyenivuta pale akiwa bado ana maji mwilini. Watu wakaja na mchanga. Wewe ulifika bani limeshaanguka, tumbaku ya mwaka mzima imekuwa jivu, ukauliza zamu ilikuwa ya nani. Leodgar alisema ni zamu yangu, baba. Na mimi nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwako, nikanyamaza.

Ulitamka kwamba asiyeweza kulinda moto wako hana sahani nyumbani kwako. Alikaa siku tatu akila kwa majirani. Katika siku hizo nilimfuata, nikamwambia kwamba sikulala, kwamba jani liliporomoka ghafla nikiwa macho, hakuna mtu angeweza kufanya lolote. Alinitazama akasema ni kweli, mambo hutokea. Halafu akapanda treni. Miaka sita nimeishi nikijiambia kwamba alibeba lawama ya bahati mbaya, lawama ya bure isiyo na mwenyewe. Nilikuwa nalala kwa sababu ya neno hilo.

Kumbe alijua. Siku ile katikati ya moshi, watu wakikimbizana na ndoo, aliinama akalitoa gunzi chini ya kigoda akalitupa motoni, ili wewe ukifika usilione. Amenieleza mwenyewe, baada ya mimi kumbana. Alijua nimelala, alijua nimemdanganya, akachukua neno lako akaenda nalo Ziba. Na baada ya yote hayo, kwenye mchezo wa simu, mahali ambapo hakuna anayemjua wala kumwona, alipopata nafasi ya kuomba chochote, aliomba nisionekane.

Nimejaribu kutafuta maneno ya kueleza ninavyojisikia na sijayapata. Aibu ninayo, na ni kubwa. Lakini kubwa kuliko aibu ni mshangao, kwamba mtu wa namna hiyo alikula kwenye sinia moja na mimi, tukagombana kwa ajili ya ukoko, na sikumjua. Namfikiria nikiwa kazini, mikono inasimama.

Leodgar hataki nikwambie. Amesema yameisha, nisikuumize uzeeni, na kwamba yeye atakuja Usoke siku utakapomwita wewe kwa mdomo wako na si kwa sababu nyingine. Kwa mara ya kwanza sijamtii. Ukimwita, nataka umwite ukijua.

Kina Doto walilipenda pendekezo lake. Wamekitengeneza kigoda. Nimekichapa kwa rangi, picha utaiona humu ndani ya bahasha, ukihesabu vidole utakuta ni viwili. Watu wa dunia nzima wanakikalia, wanaanguka, wanacheka, wanainuka. Gunzi nalo lipo, na ukiliweka hakuna anayeonyeshwa. Basi na mimi, niliyesoma mapendekezo ya watu mwaka mzima, nikaandika la kwangu la kwanza. Niliomba kiwekwe kitufe, ili aliyeweka gunzi, moto ukishaunguza vyote na mwenzake akishaadhibiwa, aweze kubonyeza na kusema ni mimi. Doto alinijibu baada ya wiki. Alisema wamelijadili wote watano na kitufe si kazi, kazi ni kwamba wameshindwa kukubaliana nini kitokee baada ya mtu kukibonyeza. Mmoja alitaka asamehewe, mwingine alitaka aanze mchezo upya, mwingine alisema inategemea na aliyeunguziwa. Kwa hiyo wameliweka kando.

Mimi nami sijui nini kitatokea, baba. Nimekibonyeza.

Nyuma ya picha nimeandika namba ya Leodgar. Simu yake kioo kimepasuka lakini inasikika vizuri, na jioni baada ya saa kumi huwa ameshapumzika. Neno la sahani ulilitamka wewe, hakuna mwingine anayeweza kuliondoa. Bani siwezi kulirudisha. Ninaloweza ni kuja. Nitashuka Usoke Jumamosi ya tarehe ishirini na nane, nitakuwa na begi moja, na sahani uliyomnyima yeye ni yangu, ukitaka kuninyima nitakula kwa majirani kama alivyokula. Naomba tu mama asikifiche kigoda. Nikute kipo hapo nje, nitakikalia hivyohivyo kilivyo, tuzungumze.

Mpe mama pole kabla ya kumsomea, halafu mpe hongera, kwa mpangilio huo. Mwambie mjukuu wake hasikii la mtu, atajua mwenyewe katoka wapi. Wasalimie jumuiya yote ya Mtakatifu Yosefu, na Shaban umpe japo matobolwa kidogo kwa kubeba barua nzito. Mungu akulinde, akulegeze goti na moyo, na anijalie kukukuta mzima.

Ni mimi binti yako, niliyekuwa kwenye zamu siku ile,

Mektilda Damas